Namba ya Rudy

Watu wa hapa wakimsifia Verna Hiltunen husifia mikate yake na akili yake ya kompyuta, kisha hunywa kahawa wakaridhika kuwa wamemaliza. Hawajamaliza hata robo. Mimi ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, na yale yaliyobaki nayajua mimi peke yangu. Nimeyakalia miaka miwili. Sasa yamenichosha.

Verna alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya wanaume wa mji huu wenye vitambi walianza kunenepa mezani kwake. Miwani yake huning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na ukimwambia kamba za miwani zinauzwa hukuuliza kamba ya kiatu imekukosea nini. Kaka yangu Rudy ndiye aliyekuwa fundi. Alitengeneza televisheni, kisha kompyuta, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpima muda wa mashindano ya skii, yale yanayoanzia juu kwenye mgodi wa zamani wa shaba na kuishia ukumbini, kando ya ziwa. Rudy alipofariki tulidhani tutatafuta mtu kutoka mji mkubwa. Verna akafungua madaftari ya mumewe, akayasoma tangu theluji ya kwanza hadi ya mwisho, na msimu uliofuata akakaa kwenye kile kiti. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Mbio zetu zina tabu moja. Mwanzo na mwisho viko mbali, kilomita kumi za msitu katikati, na kule juu hakuna mtandao wala simu inayoshika. Kwa hiyo kuna kompyuta mbili. Asubuhi zinawekwa bega kwa bega kwenye meza ya jikoni ukumbini, zinasawazishwa saa, kisha moja inapandishwa mgodini kwa pikipiki ya theluji. Wachezaji hawaondoki pamoja. Wanaachiwa mmoja mmoja, kila nusu dakika. Kompyuta ya juu inaandika ameondoka lini, ya chini inaandika amefika lini, na tofauti ndiyo muda wake. Saa hizo mbili zikikosana, kila kitu ni uongo.

Ndiyo maana kuna mtu wa daftari. Huyo ni mimi. Nakaa kibandani juu na saa yangu ya mkononi, naandika kwa penseli muda wa kila anayeondoka, kompyuta ikifa daftari liwepo. Penseli, kwa sababu wino huganda. Na sheria ya Rudy ilikuwa moja: ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika pembeni. Usifute kamwe. Alirudia kuniambia hayo mpaka nikamwambia siku moja nitamfuta yeye.

Jumamosi hiyo ya Februari, miaka miwili iliyopita, ilikuwa ya wasichana, na ya kuchagua timu ya ukanda. Nafasi sita. Mjukuu wangu Linnea alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa kujaribu. Alikuwa ameamka gizani tangu Oktoba kukimbia milima na fimbo mikononi. Mtoto huyu nimemlea kwa sehemu mimi. Namba yake ilikuwa mia na kumi na mbili, karibu na mwisho, kwa sababu wenye sifa huondoka mwisho.

Saa moja asubuhi Verna alisawazisha kompyuta mbili na saa yangu. Ya juu ilikuwa ile kuukuu ya Rudy. Akaiviringisha kwenye sweta la sufu la Rudy, chupa ya maji moto ndani yake, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Usimwangushe bibi," akasema; ndivyo Rudy alivyoiita ile mashine.

"Bibi gani? Mwenyewe nusura nianguke."

"Wewe ukianguka utajiokota, shemeji. Yeye ana rekodi za watu."

Baridi ilikuwa nyuzi tano chini ya sifuri, zile nyuzi zetu za Farenhaiti, si zile za Selsiasi za Wakanada zinazobembeleza. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku, kavu, chembe zake kali. Theluji ya namna hiyo haitelezi. Unasukuma kama unapita kwenye mchanga.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza. Dakika tano kabla ya saa nne nilitazama skrini, nikatazama mkono wangu. Saa yangu ilikuwa nyuma ya kompyuta kwa sekunde kumi na saba. Mtu mwenye akili angeshika redio akamwita Verna. Mimi nilisema moyoni kuwa saa yangu imepigwa na baridi au nimebonyeza vibaya kwa glavu, nikairekebisha ifanane na kompyuta. Daftari lipo ili liisute kompyuta ikikosea, na mimi nikalifanya kuwa mwangwi wake. Hapa kwetu mtu hupenda vitu vikubaliane. Tukiona ubishi tunauzima, halafu tunauita amani.

Mbio zikaanza saa nne kamili. Kufikia namba kumi na moja, saa yangu ilikuwa nyuma tena, sekunde moja. Namba kumi na moja alikuwa Tess Beaudry, msichana mwembamba aliyevaa suti ya kuazima, imempwaya magotini. Hakuwa na kocha. Baba yake alikuwa amemleta kwa gari la kubebea kuni. Niliandika nilichoona mkononi, kisha nikakikata kwa mstari mmoja na kunakili cha kwenye skrini. Namba thelathini, tofauti karibu mbili. Namba sabini, karibu nne. Kila mara nilikata nikanakili, huku nikiilaani ile saa na duka lililoniuzia. Linnea alipofika langoni saa yangu ilikuwa nyuma kwa sekunde sita. Alinikonyeza. Nikaandika, nikakata, nikanakili.

Tulishusha kompyuta, Verna akachukua nyakati za juu kwa flashi, akaziunganisha na za chini. Saa sita kasorobo Denny Trevarrow, mkuu wa waamuzi, akabandika karatasi ukutani. Kwa kanuni, karatasi ikibandikwa kuna dakika kumi na tano za malalamiko. Saa sita kamili zikitimia bila neno, matokeo yamekuwa matokeo, na hata Mungu akija itabidi ajaze fomu.

Linnea alikuwa wa sita. Dakika thelathini na moja na sekunde thelathini na tisa. Wa saba, Tess Beaudry, sekunde tatu nyuma yake. Mjukuu wangu alinirukia shingoni na skii mkononi, moja ikanigonga sikio, na sikusikia maumivu. Nililia, nasema wazi.

Nilipogeuka nikamwona Verna amesimama mbele ya ile karatasi, miwani puani, mdomo ameufumba. Nilijua huo uso. Ni uso wa mkate uliogoma kuumuka.

"Wanne wamevunja rekodi," akasema.

"Wamefanya mazoezi," nikamjibu.

"Kwenye theluji hii? Arvo, wewe mwenyewe umepanda asubuhi. Ilikuwaje?"

"Nzito."

"Nzito. Na watoto wanne wameipita rekodi iliyowekwa siku ya barafu tupu." Akageuka akaenda jikoni, nami nikamfuata kwa sababu miguu ilitangulia kabla sijaamua.

Aliziweka zile kompyuta bega kwa bega, kama asubuhi. Hakuhitaji miwani. Ile ya juu ilikuwa mbele kwa sekunde ishirini na nane.

Denny aliitwa. Alikuja na kikombe cha kahawa na uso wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

"Ishirini na nane kwa wote, si ndiyo?" akasema. "Basi tunawaongezea wote ishirini na nane. Rekodi zinakufa, nafasi zinabaki. Kwisha."

"Kama iliruka mara moja, ni sawa," Verna akasema. "Kama imetambaa, si sawa. Ikitambaa, aliyeondoka mwisho amependelewa kuliko aliyeondoka mwanzo."

"Mama Verna, zimebaki dakika kumi na mbili. Unataka nifanye nini?"

"Unyamaze kumi kati ya hizo. Nilikulisha supu ya njegere miaka sita, Denny, na hukuwahi kumaliza bakuli bila kelele."

Denny akarudia kahawa yake. Verna akaandika tofauti ya sasa kwenye kiganja chake, akavuta kiti, akaanza kuchimba ndani ya mashine. Ndipo nilipomwona alivyo. Vidole vyake vimevimba viungo kwa miaka ya masufuria, lakini havikubabaika. Aliongea huku akisoma, si nasi, na ile mashine.

"Novemba nilibadilisha kiini chako," akaiambia. Akanigeukia kidogo. "Kiini cha mfumo, shemeji, ile sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vyuma. Programu mpya ya matokeo ilikataa cha zamani. Nikaweka kipya. Na nyumbani ilikuwa sawa kila siku, kwa sababu nyumbani inarekebishwa saa na mtandao. Leo ndiyo mara ya kwanza imekaa peke yake."

Nilielewa kabla hajamaliza. Imeruka au imetambaa? Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, kifua cha kushoto, kwa penseli. Sekunde moja kwa Tess, sita kwa Linnea. Tofauti tano. Na Linnea amemshinda kwa tatu. Hesabu hiyo hata mimi naiweza, na sikupenda kuiweza.

"Naenda msalani," nikasema.

Nilijifungia. Nikafungua daftari chini ya ile taa ya msalani inayopepesa. Mistari yangu yote ilikuwepo, namba zilizokatwa zikisomeka vizuri kabisa chini ya kila mstari, safi kama alivyotaka Rudy. Nje ya mlango nilimsikia Linnea akicheka na wenzake, akimwambia mtu skii zake atazipaka nta ya rangi gani huko kwenye mashindano makubwa. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia, na yule mwingine simjui hata jina la mama yake. Nikageuza penseli upande wa kifutio. Nikafuta ile iliyokatwa ya namba mia na kumi na mbili. Karatasi ikachubuka. Nilikuwa na umri wa miaka sabini na moja, nimejifungia chooni, namwibia msichana aliyevaa suti ya kuazima. Nikataka kuendelea na mia na kumi na moja, mia na kumi, mia na tisa, na mkono ukakataa. Si kwamba nilitubu. Zilikuwa nyingi mno, na nilisikia aibu ya uvivu na aibu ya wizi kwa pamoja.

Niliporudi Verna alikuwa ametulia kabisa, mikono mapajani. Kwenye skrini kulikuwa na faili fupi lenye namba moja, na juu yake maneno ya kaka yangu. Nilimtambua hata kwa herufi za mashine: *Bibi anachelewa. Msukume sekunde moja kila dakika kumi. R.*

"Kiini cha zamani kilikuwa kinapoteza sekunde," Verna akasema polepole. "Rudy akaweka namba ya kuisukuma. Miaka yote hiyo imekuwa sawa kwa sababu ya hii namba. Kiini kipya hakipotezi kitu. Ugonjwa umepona na mimi nimeendelea kumnywesha dawa." Akapangusa pua. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisoma madaftari yake yote. Hili faili nilikuwa nalijua, Arvo. Kila nikilifikia nalipita. Sikutaka kuligusa, kwa sababu ameandika *Bibi*."

Kompyuta zilionyesha saa sita kasoro dakika nne, na tofauti sasa ilikuwa ishirini na tisa. Imeongezeka moja, mbele ya macho yetu.

"Inatambaa," akamwambia Denny.

Denny alikuna kidevu. Si mtu mbaya, na alichosema kilikuwa cha kweli: "Hapa ndani kuna joto. Kule juu kulikuwa na baridi ya kuua. Saa za kompyuta hubadilika na baridi, Rudy mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Huenda kule ilisimama sawa ikaanza kukimbia humu jikoni. Siwezi kumwondoa mtoto kwenye timu kwa sababu ya kilichotokea kando ya jiko. Nipe kitu cha kule juu."

"Kipo," Verna akasema. Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Shemeji, daftari."

Dakika tatu. Mlangoni Linnea alikuwa amesimama, amekuja kuniuliza kama nimekula. Alimtazama Verna, akanitazama mimi.

Ningeweza kusema limeanguka njiani. Kilomita kumi za theluji, nani angelitafuta? Nililitoa. Sitajisifu hapa. Nililitoa kwa sababu mkono wa Verna ulikuwa umekunjuliwa pale mezani, bila shaka yoyote, kama mtu anayengoja kupewa chumvi.

Alifunua ukurasa kwa ukurasa, akimwonyesha Denny. "Tazama. Arvo ameandika saa yake, akakata, akanakili ya mashine. Tofauti moja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Inapanda pole pole, saa nzima, kule kule kwenye baridi." Denny alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kidole cha Verna kikashuka ukurasa wa mwisho, mia na nane, mia na tisa, mia na kumi, kikafika kwenye ule mchubuko. Kikasimama.

Aliniinulia macho. Mara moja tu. Mimi nimewahi kutazamwa na hakimu na daktari, na sijawahi kutazamwa vile.

"Hapa palikuwa na ngapi?" akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza mtu anataka sukari ngapi.

Linnea alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

"Ishirini na nne," nikasema. "Sekunde ishirini na nne. Mashine ilisema thelathini. Sita."

"Penseli ilikuwa imepauka," Verna akamwambia Denny, na akaiandika upya mwenyewe, 24, juu ya mchubuko, akaikata kwa mstari mmoja. "Piga hesabu, mwanangu. Umebakiwa na dakika moja."

Tess moja, Linnea sita, na kila mmoja zile kumi na saba za kabla ya mbio, ambazo nazo nilizitaja. Tess Beaudry, dakika thelathini na mbili kamili. Linnea Hiltunen, thelathini na mbili na sekunde mbili. Watano wa juu walibaki palepale. Denny alikwenda ukutani akang'oa karatasi saa ya ukumbini ikigonga sita, akabandika nyingine. Nilimwona baba yake Tess akisoma ile mpya kwa kidole, mara mbili, kisha akavua kofia akaishika kifuani kama yuko kanisani. Yule msichana hakuruka wala kupiga kelele. Alikaa sakafuni.

Linnea alimwendea Verna. "Ni kosa la nani?" akauliza.

Na Verna, mbele yangu, akamjibu: "Langu. Nilibadilisha kiini nikasahau namba ya babu yako mkubwa. Nisamehe, mwanangu."

"Sitakusamehe," Linnea akasema, akatoka bila koti.

Jioni hiyo Verna aliniita kwake. Nilidhani ananiita kunisema. Alikuwa ameweka ile kompyuta mezani, faili limefunguliwa, na sahani ya pai la nyama na viazi, limepoa, kama anavyolipenda yeye. "Nimeshaandika maneno yake kwenye daftari langu," akasema. "Sasa nakata." Akaweka alama mbele ya mstari wa Rudy ili mashine isiusome tena, lakini hakuuondoa. Upo mpaka leo. Kisha akanikatia pai. La kifutio hakuligusa, usiku ule wala baadaye. Nilingoja aniseme, na kila siku aliponyamaza nilimchukia kidogo, kwa maana ningesemwa ningepumua.

Linnea alimnunia bibi yake mkubwa misimu miwili. Anapita mbele ya ukumbi bila kumsalimu. Krismasi alirudisha soksi alizofumiwa, kwenye mfuko uleule. Verna akazichukua, akasema watoto wana haki ya hasira, akanivisha mimi. Na mimi nikazivaa. Nikala mikate yake, nikarudi nyumbani nikakaa na mjukuu wangu akimwita yule mama mzembe, nikachochea jiko.

Wiki hii Verna amesema msimu huu ni wa mwisho kwake, macho hayasomi skrini. Wanataka kumpa saa ya ukutani na hotuba. Denny ameniomba niandike maneno machache juu ya maisha yake, yasomwe ukumbini, na nimemwambia yasomwe na Linnea, kwa kuwa ndiye mwenye sauti nzuri.

Basi, Linnea, unayasoma sasa mbele ya watu. Siku ile hukuibiwa na Verna. Aliyetaka kuiba ni mimi, kwa ajili yako, na yeye akabeba. Yuko kiti cha mbele, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nimeandika kwa penseli. Nilipokosea nimekata mstari mmoja, utaona. Sikufuta kitu. Weka karatasi chini, mama, uende ukamsalimie.